Futi Kamba ya Maadili: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Filamu

Kwa Mwenyekiti na Wanabodi,
Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya (KFCB),
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUWAONGEZEA KAZI

Pokeeni salamu za mlipakodi asiye na la kuwalaumu. Nimeshika kalamu kuwashukuru kwanza, kisha niwaombe jambo dogo, na mtaona kwamba halihitaji bajeti.

Nianze na shukrani. Mwaka 2016 Coca-Cola walileta tangazo lenye vijana wawili wakibusiana. Mlilikemea, kampuni ikakubali kuiondoa sehemu hiyo, na taifa likalala salama. Busu lilikatwa, sukari ikaachwa yote ndani ya chupa. Sasa watoto wetu wanakunywa soda bila kushuku kwamba midomo ina kazi nyingine.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Machi 2013, lilikuwapo tangazo la kondomu. Mwanamke aliyeolewa, mwenye mpango wa kando, anashauriwa na rafikiye atumie kinga. Viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu walipaza sauti, tangazo likaondolewa hewani. Hapo ndipo nilipoanza kuistaajabia busara ya nchi hii. Katika vyote vinavyotangazwa kwenye televisheni, kondomu ni bidhaa ambayo mapenzi ndiyo kazi yake halisi, na ndiyo iliyofukuzwa. Oili ya gari, betri, rangi ya nyumba na mabati, vitu ambavyo havijawahi kumtamani mtu, vinaendelea na wasichana wao bila bughudha.

Kama mna nafasi, shukeni Grogan, pale Barabara ya Kirinyaga, niwaonyeshe duka moja la spea. Ukutani, juu ya mikanda ya feni na plagi, pana kalenda. Binti kavaa nguo ya kuogelea, kaegemea tairi. Viatu vyake vina visigino virefu, na sakafu aliyosimamia ni ile ambayo oili ikimwagika humwangusha hata fundi mwenye gambuti. Mkononi ana spana, kaishika kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Chini ya miguu yake pana tarehe za mwezi na namba ya simu. Kuhusu tairi, kama linashika lami ya mvua, kama litafika Malaba na kurudi, hakuna hata neno.

Msidhani huu ni ushamba wa Grogan. Pirelli, kampuni ya tairi ya Italia, ilianza kutoa kalenda ya warembo mwaka 1964, na haiuzi, huwagawia wateja wateule. Na hata hao hawakuanza wao. Katika miaka ya 1880, kampuni ya sigara ya W. Duke, Sons & Co. ya Marekani ilikuwa ikitia ndani ya pakiti kadi zenye picha za waigizaji wa kike. Kadi iliizuia pakiti isibonyee, na ilimzuia mvutaji asiulize sigara hii inaizidi nini ile ya jirani. Lilikuwa swali la kukwepwa, maana tumbaku ilikuwa ile ile, karatasi ile ile, moshi ule ule. Bidhaa ikikosa la kusema, hukodi mtu asimame mbele yake.

Wahenga waliliona hili mapema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wasichokiona ni kwamba zama zetu kibaya hakitajisumbua kutembea. Kitamlipa binti wa mtu akitembeze.

Najua mna vipimo vyenu. Kanuni za utangazaji zimetenga saa za watoto, tangu saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, na huo ni mpango mwema kwa mtoto anayeishi ndani ya televisheni. Mtoto anayekwenda shule kwa matatu hukutana na bango barabarani saa 12 asubuhi, na bango halina saa ya kulala. Mtaniambia mabango ni ya kaunti. Kweli, na kaunti hutoza ada kwa kuangalia ukubwa wake. Basi kazi mmegawana vizuri: kaunti inapima bango kwa mita za mraba, nanyi mnapima sketi kwa sentimita. Aliyesahauliwa kuajiriwa ni yule wa kuuliza kama maneno yaliyoandikwa pale yana ukweli.

Futi kamba hii, waheshimiwa, ikiachiwa mtaani ina hatari. Novemba 2014, katikati ya Nairobi, kundi la wanaume lilimvua nguo mwanamke kwenye kituo cha matatu kwa madai kwamba kavaa vibaya. Tarehe 17 mwezi huo wanawake waliandamana wakisema nguo yangu ni hiari yangu. Nimejaribu kuoanisha tukio lile na mabango ya mji, na hesabu inanipa jibu moja tu. Sketi fupi inayotembea kwenda kazini ni uchochezi, na sketi hiyo hiyo ikipandishwa juu ya nguzo na kuangaziwa taa ni uchumi. Kosa la yule dada, kwa kanuni hii, ni kutoka nyumbani bila bidhaa mkononi.

Wenye kampuni za matangazo watawaambia kwamba mwili unauza. Waulizeni unamuuzia nani. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani walijumlisha majaribio 53 yaliyohusu watu zaidi ya 8,000, wakakuta kwamba kadiri tangazo linavyozidi kukoleza ngono ndivyo watu wanavyozidi kuisahau bidhaa, na hamu ya kuinunua inapungua. Miaka miwili baadaye wengine walijumlisha tafiti 78. Wanaume waliyapenda matangazo hayo, wanawake hawakuyapenda, na nia ya kununua haikusogea hata hatua. Macho yalifika dukani, mfuko ulibaki nyumbani.

Mkitaka shahidi mwenye duka, muiteni Carl's Jr., wauza hambaga wa Marekani. Mwaka 2005 walimtumia Paris Hilton, aliyevaa nguo ya kuogelea, akilisugua gari kwa kiwiliwili zaidi ya sifongo, kisha akauma mkate. Wakashika mtindo huo hadi 2017, walipotangaza kuuacha na kurudi kuzungumzia nyama. Iliwachukua miaka 12 na mabikini yasiyohesabika kugundua kwamba mwenye njaa anataka kula.

Msinielewe vibaya, sisemi mwili ufungiwe. Sabuni na ngozi ni jamaa. Mwaka 1911, mwandishi wa matangazo Helen Lansdowne aliiuza sabuni ya Woodbury kwa ahadi ya ngozi inayotamaniwa kuguswa, na hakuna aliyeuliza ngozi imefuata nini pale. Nguo ya kuogelea lazima ivaliwe na mtu. Manukato ni mwaliko wa mtu mwingine kusogea, na anayejipulizia anajua. Hata kwetu Pwani, mapenzi yana biashara yake ya heshima. Jioni mama muuza vikuba hukaa na sinia lake, anafunga asumini na mkadi, hasemi neno, hana bango, na vikuba vinaisha. Kila mnunuzi anajua anachokiendea, na aliyebaki nyumbani anajua pia. Hapo mwili umeitwa kazini. Kwenye mabati umeitwa kuziba pengo.

Sasa ombi lenyewe. Mna alama zenu za GE, PG, 16 na 18. Ongezeni moja: HH, yaani Hahusiki. Msikate kitu, msipige marufuku, msimfunike mtu. Tangazo likiwa na mtu asiye na shughuli yoyote na bidhaa, ligongwe HH pembeni, kwa herufi zenye ukubwa wa paja lake. Kila mwombaji ajaze fomu yenye maswali matatu:

1. Aliyesimama hapa anaifanyia nini bidhaa?
2. Akiondolewa, tangazo linabaki na habari gani?
3. Wanaume waliomo wamevaa suti na tai. Kwa nini joto linawapata wanawake peke yao?

Najua hofu yenu. Mkianza kugonga, wino utakwisha kabla ya chai ya saa 4. Tena wakubwa watapiga simu, maana wengi wao wana hisa kwenye kampuni ambazo zingeugua bila msichana wa bango. Vumilieni. Mliikabili soda na busu lake, hamtashindwa na debe la rangi.

Na kama kazi hii ni nzito mno, nawaachia nyepesi. Siku nyingine tangazo likiwakera, kabla ya kuinyoosha futi kamba, tafuteni bei, uzito na ubora wa kinachouzwa. Mkikuta halijataja hata kimoja, uchafu mliokuwa mkiutafuta mmeshaupata, hata kama kila aliyemo kavaa kanzu na buibui.

Wenu mtiifu,
Mnunuzi mmoja,
Nairobi.

Nakala: Vyama vyote vya wenye matangazo, kwa hatua. Wenye maduka ya spea, kwa taarifa.