Mihogo Haikuanza Kuugua Juzi

Msyuu! Mwisho wa muhula umefika, na hapa kijiweni mbele ya steshenari vurugu ni ile ile. Vijana wa chuo wanasukumana kuchapa kazi, dada wa steshenari anawapangia namba za kurasa, na ukichungulia ukurasa wa marejeo moyo unauma: tovuti mbili tatu zisizo na mwandishi, na kitabu ambacho mwenye kazi hajakiona hata jalada. Naisonya tabia, simsonyi mtoto wa mtu. Wengi wao hawajawahi kukalishwa chini wakaonyeshwa utafutaji unafanywaje.

Mfano ni huyu kijana wa kilimo, mwaka wa pili. Kapewa swali kuhusu magonjwa ya mihogo Tanzania. Kalichukua lilivyo, mstari mzima, na "jadili" yake na "kwa mifano" yake, kalimwaga Google. Halafu anakuja kwenye benchi analalamika: "Shikamoo mzee. Jamani, hili swali halina kitu, hakuna aliyeandika."

Ebo! Hakuna aliyeandika kuhusu mihogo ya Tanzania?

Kijana wangu, ile mashine haihitaji "jadili". Hilo neno ni la mhadhiri, anakuambia wewe. Chukua karatasi, uvunje swali: zao ni lipi, ugonjwa ni upi, wapi, na unataka kujua nini hasa kuhusu ugonjwa huo, unavyosambaa, hasara yake, au mbegu zinazouhimili. Halafu chini ya kila kipande andika majina yote ambayo watu wamekiita kitu hicho. Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo wengi wanaparuka. Mkulima anasema batobato. Mtafiti kaandika cassava mosaic disease. Mhogo wenyewe, mtu wa mimea anauita Manihot esculenta. Inzi mweupe anayeusambaza, kwenye majarida anaitwa Bemisia tabaci. Ukitafuta kwa jina moja, umefungua mlango mmoja wa nyumba yenye milango minne.

Majina yanayomaanisha kitu kimoja yaunganishe kwa OR. Vipande tofauti vya swali viunganishe kwa AND. Andika kwa herufi kubwa, na maneno yanayokwenda pamoja yafungie ndani ya alama za mtajo, la sivyo utaletewa mosaic ya vigae vya bafuni. Mantiki hiyo ni ya George Boole, mtaalamu wa hisabati wa Uingereza aliyetoa kitabu chake mwaka 1854, kompyuta za leo hazijakuwepo, na hifadhidata za maktaba leo bado zinaitumia. NOT nayo ipo, ila iogopeni. Ukiandika NOT Uganda ili ubaki na Tanzania, umetupa kila makala iliyolinganisha nchi hizi mbili, na huenda ndiyo uliyokuwa unaihitaji.

Dereva bodaboda akadakia: "Mzee, si aandike tu Tanzania, basi?"

Aa wapi! Jina Tanzania ni la mwaka 1964. Huu ugonjwa wa batobato uliandikwa mara ya kwanza kutoka nchi hii hii mwaka 1894, na Mjerumani Otto Warburg, kwa Kijerumani, enzi za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ule mwingine, wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mhogo ardhini huku majani yanakudanganya kuwa mambo ni shwari, ulielezwa mwaka 1936 na Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, kule Usambara. Wakati huo ni Tanganyika. Hapo Amani wakaanza kuchanganya mihogo na jamaa zake wa porini ili wapate mbegu inayohimili, na uzao wa kazi hiyo ulifika hadi Nigeria, ukawa msingi wa aina zilizoendelezwa Ibadan. Yote hayo ni mali ya mada ya huyu kijana! Asipoandika Tanganyika, asipoandika Amani, hayaoni. Anakuja kutuambia hakuna aliyeandika.

Na hapa nawageukia wahadhiri kidogo. Kuna agizo la "marejeo yasizidi miaka kumi". Nalielewa: mwanafunzi asibaki na takwimu zilizokwisha chacha. Lakini mtoto anaposikia hivyo anabana tarehe kwenye mashine na kuizima historia yote. Atasoma jinsi michirizi ya kahawia ilivyoibuka upya Uganda mwaka 2004, kwenye nyanda za juu kuliko ilivyozoeleka, bila kujua kwa nini watafiti walishtuka. Walishtuka kwa sababu ya yale yaliyokuwa yameandikwa zamani kutoka Amani.

Ukishapata makala moja nzuri, usirudi kuandika maneno upya. Shuka kwenye marejeo yake uone nayo ilisoma nini. Kisha, kwenye Google Scholar, bonyeza penye hesabu ya waliokuja kuitaja baadaye. Marejeo yanakupeleka nyuma, hesabu hiyo inakuleta mbele. Njia hiyo Eugene Garfield wa Marekani aliifanyia faharasa nzima ya sayansi mwaka 1964, ikachapwa kwenye vitabu. Leo ni kubonyeza mara moja, na bado hatubonyezi.

"Nikibonyeza wananidai dola," kijana akasema.

Hapo kasema kweli, na hapo wengi wanakata tamaa. Sikilizeni basi. Kuna mpango wa Research4Life, ulioanza na HINARI mwaka 2002, unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa ada ndogo. Mwanafunzi hajiungi mwenyewe, anayejiunga ni chuo. Kwa hiyo mwulize mkutubi: tumejiunga? Naingiaje? Mkutubi amesomea kazi hiyo, na watu wanampita wakienda kuchaji simu. Kuna African Journals Online, tangu mwaka 1998, ambako utakuta majarida ya kwetu yasiyojitokeza juu kwenye Google. Na ripoti za serikali, ongeza site:go.tz mbele ya maneno yako, utabaki na tovuti za serikali peke yake. Hapo maneno ya Kiswahili yana kazi. Andika mihogo, andika batobato.

Kuhusu hizi programu za akili mnemba, nasema kwa uchungu. Zitumie kukukumbusha majina mengine ya kitu, vizuri. Lakini marejeo usizikabidhi. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipeleka mahakamani kesi walizoletewa na ChatGPT, kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, jaji akawatoza dola 5,000. Hao ni mawakili. Rejeo ambalo hujalifungua kwa mkono wako, usiliandike.

Kijana kafungua daftari, nikamchorea safu: tarehe, mahali ulipotafuta, maneno uliyotumia, ulichopata. Ajaze kila anapotafuta, asije akarudia kesho alichokwisha kosa leo. Nami ningeomba vyuo vidai daftari hilo pamoja na kazi, na lipewe alama zake. Sasa hivi alama zote zinakwenda kwenye kurasa zilizochapwa. Aliyetafuta wiki mbili na aliyenakili usiku mmoja wanapanga foleni moja hapa kwa dada wa steshenari, na mhadhiri hana anachoweza kuwatofautishia.