Ungo Mmoja, Picha Saba

Mwaka 1930 Mmarekani Edward Weston alitumbukiza pilipili hoho kwenye faneli ya bati, akaipiga picha, na hadi leo wasomi wanaimezea mate. Nairobi, Cyrus Kabiru huunda miwani ya ajabu kwa vyuma na takataka, akaivaa, akajipiga picha. Sisi wa Majengo, Songea, tuna ungo. Simu mkononi, tuhesabu kushuka.

7. Kofia. Kila mtu huanzia hapa. Piga upesi, yaishe.

6. Dishi. Uegemeze juu ya bati, uelekee angani. Chaneli inayoshika ni moja tu: jirani.

5. Ngao. Ngao ya Kingoni ilikuwa ndefu, ya ngozi ya ng'ombe, kwa hiyo wazee watakucheka, na wana haki. Mapozi hayo yaishie uani. Pale Makumbusho ya Majimaji usiende nayo. Wapiganaji wa Majimaji walionyongwa hapa Songea Februari 27, 1906 hawakuwa kwenye mzaha.

4. Chui. Hii ndiyo ninayoipenda. Tafuta ungo chakavu, uliolegea msuko (mwenye nyumba atashangaa: "Mpya huutaki?"). Saa sita mchana uinue futi mbili tatu juu ya uso wa mtu. Mashavu yatajaa madoa ya mwanga, na ingawa matobo yana pembe, madoa ni ya duara, maana kila doa ni picha ndogo ya jua lenyewe. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa na watu wakamiminika Rujewa kutazama, mwenye ungo mbovu angepata hilali kibao bila nauli.

3. Usafiri wa usiku, ule wa wachawi. Kijana aruke, mwenzake amtupie ungo chini ya miguu, ubonyeze kabla hajatua. Viza haihitajiki. Ila bibi asipandishwe, hata akikubali kwa kicheko: nchi hii vikongwe wameuawa kwa maneno mepesi kuliko picha hiyo.

2. Usukani wa daladala. Watoto wakae kwenye benchi nyuma ya dereva. Konda atadai nauli gari likiwa bado halijawaka.

1. Ungo. Ndiyo, wenyewe, kazini. Mama anapepeta maharage jioni, jua liko mgongoni kwake, wewe umelikabili, na nyuma yake kuna ukuta wenye kivuli. Akirusha, maharage hupanda pamoja na kushuka pamoja. Makapi hubaki hewani yakiwaka kama cheche. Shikilia kitufe simu ipige mfululizo, kwani unachokitaka ni ile nukta maharage yote yako juu na ungo ni mtupu. Kuku hawakualikwa, lakini watatokea kwenye kila picha. Na usithubutu kusema, "Mama, rudia, hukutabasamu." Atakukabidhi ungo, na gunia bado nusu.