Mkwe, Birika Lako Limewaka

Ukitaka kujua nchi hii ina madaktari wa injini wangapi, pita Uyole na gari linalotoa moshi wa bluu. Muuza mahindi ya kuchoma atakwambia ni ringi. Dereva wa bajaji atakwambia achana na huyo, ni sili za valvu. Utingo wa lori la Tunduma, aliyening'inia mlangoni, atapaza sauti kwamba tabo imekufa, nenda kazike. Na mtoto wa shule ambaye hajaulizwa na mtu atasema, "Anko, gari yako inaungua," na huyo ndiye aliyeukaribia ukweli kuliko wote, maana oili ilikuwa inaungua kweli.

Gari lenyewe ni dogo, la mtumba, la Kijerumani, la petroli, lina tabo. Nilipoliagiza nilikuwa na hoja zangu na mpaka leo sizifuti. Mbeya iko mita 1700 hivi juu ya bahari. Hewa ya huku ni safi na ya baridi, lakini nyepesi: injini ya kawaida ikivuta pumzi Mwanjelwa inapata pungufu ya zaidi ya asilimia 15 ya kile ambacho ingekipata Kariakoo. Ndiyo maana vigari vingine vikifika Mlima Nyoka vinaanza kusali. Tabo haina shida hiyo. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha panga, panga linashindilia hewa ndani, na kijigari cha cc 1400 kinapanda mlima huku dereva anapiga mluzi. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na ukiniuliza mimi, alikuwa anamfikiria mtu wa Mbeya. Tena ushuru wa injini isiyozidi cc 2000 ni nafuu kuliko wa inayozidi. Kwa hiyo usinicheke.

Sasa, shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isijisage ni utando mwembamba wa oili. Sili zikichoka, oili inapenya na kuungua. Hiyo ni njia moja. Ringi za pistoni zikiganda kwa masizi, oili inapanda kutoka chini. Briza ikiziba, injini inakosa pa kupumulia na oili inasukumwa kusikotakiwa. Gari langu halikutaka kubagua njia.

Kitabu chake kinasema bila aibu kwamba nusu lita kwa kilomita 1000 ni jambo la kawaida. Mbeya hadi Iringa na kurudi ni kilomita 700 hivi, kwa hiyo kwa hesabu ya kitabu ni theluthi ya lita na ushee. Mimi nilikuwa naondoka na vidumu viwili vya lita moja kwenye buti, vinagongana kila tuta, na vyote vinarudi vitupu.

Barabara ile nimeijua kwa oili. Ukitoka Inyala unateremka kuelekea Igurusi. Unaachia mafuta, unaacha gia ikushikilie, unajiona dereva mstaarabu. Kumbe huko ndani injini inavuta kwa nguvu, inafyonza oili kupitia sili zilizochoka na kuiweka akiba. Chimala unapita salama, Igawa unapita salama, joto la Usangu na mashamba ya mpunga, moyo umetulia. Halafu mlima wa kuelekea Makambako unaanza, unakanyaga, na akiba yote inatoka kwa mara moja. Kwenye kioo cha nyuma basi zima linapotea ndani ya wingu, kisha zinaonekana taa zake zikiwaka na kuzimika kwa hasira.

Kinachouma zaidi ni bomba la TAZAMA. Tangu mwaka 1968 bomba hilo linatoka Dar es Salaam mpaka Ndola, kilomita 1,710, na huku kwetu halichezi mbali na barabara. Mafuta yanakwenda Zambia chini ya ardhi, kimya, bila kumwomba mtu samahani. Juu yake nimesimama mimi, namwuliza mwenye duka kama bei ya lita moja haipungui.

Makambako ndipo nilipokuwa napima. Waliopita wanaujua upepo wa pale. Unafungua boneti, upepo unataka kuondoka nayo. Unavuta kijiti cha oili, unakifuta kwa soksi ya mtoto iliyopotelewa na mwenzake, unakirudisha, unasubiri, unakivuta tena. Kina alama mbili: ya juu ya kushiba, ya chini ya njaa. Oili ilikuwa chini ya ile ya chini, tone moja la rangi ya kahawa limening'inia nchani likinukia petroli. Nikakiinua nilione vizuri. Upepo ukalichukua lile tone na kulipeleka kwenye shati jeupe nililolivaa kwa heshima ya ukweni.

Fundi mmoja wa Mbeya alinipa dawa. "Bosi wangu, hii nyepesi ndiyo inakimbia. Weka 20W-50, nzito, itakaa." Hoja haina pa kuishika, na moshi ulipungua kweli. Kisha nikalala Mafinga, mwezi wa saba. Asubuhi nikawasha gari, na kwa kuwa oili nzito kwenye baridi ile haina haraka ya kufika juu, injini ikagonga kwa sauti iliyowatoa wageni wenzangu nje wakiwa na mashuka mabegani. Mama mmoja aliuliza kama nimekuja kusaga mahindi.

Siku hizo nilijifariji kwa historia. Mwaka 1962 Wamarekani waliuza Oldsmobile Jetfire, mojawapo ya magari ya kwanza ya abiria yenye tabo, na lenyewe lilikuwa na tangi lake la pembeni la maji na methanoli la kuipoza injini. Wenye magari walikuwa wanasahau kulijaza. Nikapata nafuu kidogo kujua kwamba hata huko watu waliuziwa gari wakakabidhiwa na mgonjwa wa kunyweshwa dawa.

Baba mkwe yuko Iringa. Tulipoingia uani alisimama mlangoni, mikono nyuma, akausindikiza moshi kwa macho mpaka ulipofika kwenye mparachichi.

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mkwe wangu. Hili gari linakunywa kama liko kwenye msimu wa ulanzi."

Kisha akaniomba oili chafu. Nguzo za uzio wake zinaliwa na mchwa, na wakwe wenzangu, alisema kwa upole unaokata, humletea dumu zima kila wakimwaga oili. Nilishindwa kumwambia kwamba gari langu halimwagwi oili. Linaimaliza lenyewe.

Kesho yake alitaka tufike Ilula kuchukua nyanya. Tumekwenda vizuri, mzee amekaa mbele, koti limefungwa vifungo vyote. Karibu na Lugalo akanyoosha kidole kwenye dashibodi.

"Mkwe, birika lako limewaka."

Taa nyekundu ya oili. Taa hiyo haikuhimizi uendelee mpaka senta inayofuata. Inakwambia zima sasa hivi. Nikazima. Vidumu vyote viwili nilikuwa nimekwisha kuvimimina. Na tulikuwa tumesimama usawa wa mnara wa Lugalo, ambapo tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mkwawa walikivamia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo.

Mzee alishuka, akaliangalia gari, akauangalia mnara, akaliangalia gari tena.

"Hili ni la wapi?"

"La Kijerumani, baba."

"Hapa hawapiti kirahisi," alisema, akatafuta kivuli.

Historia nzima nilisimuliwa pale pale, bila kurukwa hata kichaka kimoja, mpaka fundi alipofika kwa bodaboda kutoka Ipogolo akiwa na lita tatu za oili na mfuko wa vifaa. Kitu cha kwanza alichokitoa mfukoni kilikuwa nyundo. Mzee alicheka mpaka akashika mti.

Injini ilishushwa Iringa. Kabla ya kuifungua, fundi alizungusha shafti ya tabo kwa kidole, akaitikisa juu na chini: imetulia, haichezi. Mshitakiwa mkuu, aliyehukumiwa na kila utingo kuanzia Uyole, hakuwa na hatia. Plagi ya tatu ilitoka imelowa oili. Ringi za oili zilikuwa zimegandana na pistoni kwa masizi, vitundu vyake vimeziba, na briza imekufa siku nyingi. Tukabadilisha ringi, sili za valvu na briza. Bei siitaji, mke wangu anasoma gazeti hili.

Moshi uliisha. Ulipofika wakati wa kumwaga oili kule Mbeya, ilitoka lita nne na zaidi, nyeusi tii, na nikampigia mzee simu kumpa habari njema. Nilidhani atasubiri nimpelekee. Asubuhi iliyofuata alipanda basi, akashuka Nane Nane na dumu lake la lita ishirini. Akamimina, akalitikisa, akasikiliza chini kabisa kukicheza.

"Mkwe," alisema, "kwa hii tu, gari uliliponya la nini?"