Namna ya Kughairi Safari kwa Heshima

Sogea karibu, ndugu yangu, tuongee polepole. Una safari. Viza bado, ruhusa ya kazini bado, na mkutano wenyewe unaokwenda unaweza kusogezwa wakati wowote. Lakini watu wote wameshajua. Shangazi ameagiza dawa ya magoti, jirani amekuazima sanduku la magurudumu, na picha ya pasipoti imeshapita kwenye stetasi ya WhatsApp. Sasa umeshika simu, na kidole kiko juu ya nauli ya chini kabisa. Kiondoe. Nikufundishe kwanza namna ya kutokwenda.

1. Sema inshallah, kisha uilipie.

Sisi watu wa pwani hatutaji safari bila inshallah. Mdomoni tunakubali kwamba kesho si yetu, halafu tunakata tiketi isiyolijua neno hilo. Sababu naijua. Kununua tiketi inayorudishwa kunaonekana kama kujitabiria mkosi, na kujiona msafiri tangu siku ya malipo kuna utamu wake. Utamu huo usiuache. Tafuta tu tiketi itakayokuachia ukiomba kuachiwa.

2. Hesabu kwa vidole kumi.

Tuseme nauli isiyorudishwa ni dola 700, na inayorudishwa yote ni dola 1,000. Usikodolee macho ile 300 ya juu. Jiulize: katika safari 10 za namna hii, ambazo uamuzi wake uko mikononi mwa mtu mwingine, ngapi hufa? Zikifa 3, mchezo ni sare: tiketi 10 za bei ya chini ni dola 7,000, na zile 7 ulizosafiria kwa bei ya juu nazo ni dola 7,000. Zikifa 4, ile iliyoitwa ghali ndiyo rahisi. Ikifa moja tu, chukua ya 700 na roho yako itulie. Harusi ya dada yako, ukumbi ukiwa umeshalipiwa, haina wasiwasi. Semina inayosubiri fedha za mfadhili ina wasiwasi mtupu.

3. Acha majina ya nauli, soma masharti.

Ukurasa wa malipo huja na visanduku vitatu au vinne, kila kimoja na jina tamu. Neno Flex lisikulevye. Mara nyingi maana yake ni kwamba utabadili tarehe bila faini, ukiongeza tofauti ya nauli, na fedha hubaki kwao. Bonyeza yale maandishi madogo ya masharti, utafute mstari wa kurejeshewa fedha, uuhoji mambo matatu: zinarudi wapi, zinakatwa kiasi gani, na mwisho wa kudai ni lini.

Wapi: kwenye kadi uliyolipia, au kwenye vocha ya shirika? Vocha ni fedha yako ikiwa kifungoni. Mwaka 2020, viwanja vilipofungwa kwa sababu ya Uviko, mashirika mengi yaligawa vocha, mpaka Tume ya Ulaya ikakumbusha mwezi Mei kwamba abiria aliyefutiwa safari ana haki ya kuchagua fedha zake. Kiasi gani: nauli inayorudishwa kwa makato ya dola 200 irudishe kwenye vidole vyako uihesabu upya. Lini: hapo ndipo watu wetu wengi huanguka, kwa hiyo pana hatua yake.

4. Itafsiri saa.

Ndege nyingi zinazotoka huku kwetu kwenda Ulaya na Ghuba huondoka usiku mkubwa. Tiketi inasema 03:40, tarehe 15. Kwetu hiyo ni saa tisa na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 15, na sanduku hufungwa jioni ya tarehe 14. Anayejiambia kwamba ataghairi tarehe 15 asubuhi ataamka ndege iko angani, na yeye ameandikwa abiria asiyetokea. Asiyetokea hutozwa faini kubwa zaidi, na kwa nauli nyingine hupoteza kila kitu. Binamu yangu alipoteza nauli ya kwenda Muscat hivyo hivyo. Alipiga simu saa nne asubuhi, akiwa mezani kwake kazini, akaambiwa ndege imeshatua. Niliumia kuliko yeye, kwa sababu tiketi ile tulikuwa tumeichagua pamoja, mstari kwa mstari. Weka kengele kwenye simu saa 24 kabla ya kuondoka, uiandikie kwa Kiswahili: usiku wa kuamkia.

Jambo jingine la hapo hapo: ukiacha kupanda kipande cha kwanza, vipande vinavyofuata navyo hufutwa. Usifikiri utakidaka kile cha kurudi.

5. Pita njia za mkato zilizo halali.

Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani, ukinunua moja kwa moja kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya ndege, sheria ya huko inalitaka shirika likuruhusu kughairi ndani ya saa 24 bila makato, au likushikilie nauli hiyo kwa saa 24 bila malipo. Uliza shirika lako limechagua lipi, kisha lala na uamuzi wako usiku mmoja.

Ulaya wana kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Shirika likifuta safari lenyewe, au likichelewa saa 5 na zaidi ukaamua huendi, unadai nauli, nayo inapaswa kurudi ndani ya siku 7. Kanuni hiyo inashika ndege yoyote inayoondokea Umoja wa Ulaya. Ukipandia Dar kwenda huko, inakulinda ikiwa shirika ni la Ulaya. Kwa hiyo mwenye nauli isiyorudishwa asikimbilie kujifuta mapema. Ngoja mpaka kengele yako ilie: shirika likitangulia kufuta, hata nauli ya chee inarudi.

Na viza? Ada ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi, hivyo hasara moja tayari unayo. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 na linaweza kufika 45, ila maombi yanapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Omba mapema ukiwa na tiketi inayorudishwa. Viza ikitoka na nauli ya chini bado ipo, inunue kwanza, ndipo ughairi ile ya juu. Fanya hivyo kwenye shirika jingine, kwa maana mfumo ukikuta jina moja kwenye ndege mbili zinazogongana unaweza kufuta moja, na huchagui ipi. Zile bukingi za mtaani zisizolipiwa ziogope. Hufa baada ya siku moja au mbili, na ofisa wa ubalozi akikagua hakuti jina lako.

Ukikatiwa na wakala, fedha nazo hupitia kwake. Mwambie akuandikie makato yake kabla hujalipa, na ujumbe huo uutunze.

6. Ghairi.

Fanya mwenyewe kwenye programu au tovuti ya shirika, mchana, bando likiwa la kutosha. Usifunge ukurasa mpaka uone kwamba umeomba fedha. Kufuta nafasi kwenye ndege na kudai nauli vinaweza kuwa vitufe viwili. Piga picha ya kioo. Fedha usizipangie matumizi ya wiki hii: hata Marekani, sheria inaliruhusu shirika kuchukua siku 7 za kazi kwa aliyelipa kwa kadi ya mkopo na siku 20 kwa njia nyingine, na huku kwetu husubiri zaidi.

Kisha mpigie shangazi kabla hajasikia kwa mwingine. Mwambie, "Shikamoo shangazi, safari imesogea, dawa nitakuagizia kwa mtu." Usieleze zaidi, naye hatauliza. Lifute vumbi lile sanduku, kagua mifuko yake ya ndani, umpelekee jirani leo leo, kabla ya magharibi.