Steringi Hafi Hapa Kebirigo

Kijana anayeonyesha sinema karibu na soko la Kebirigo ameweka ubao wa chaki nje ya kibanda chake, na kila Jumamosi ubao huo husema jambo lilelile: SUPAHIRO KALI LEO. Nimeishi vya kutosha kujua kinachofuata. Ni mmoja wa wale jamaa wa nguo za kubana, anakwenda kuokoa New York. Tena New York! Jamani, huo ni mji gani usiojifunza? Viumbe wa angani waliuvuruga mwaka 2012 mchana kweupe, majengo yakaporomoka kama ugali mbichi, na bado watu wanang'ang'ania kupanga nyumba palepale. Huku kwetu mvua ya mawe inapiga majani chai dakika chache tu na mchumaji anarudi nyumbani na kikapu kitupu, lakini sijaona supahiro hata mmoja akitua kwenye kituo cha majani kuuliza, "Wazee, kuna neno?"

Sina ugomvi na supahiro kama supahiro. Ugomvi wangu ni na wale wanaopewa nafasi. Mimi nampenda mwenye nguvu kidogo na shida nyingi. Mwenye nguvu nyingi asiye na shida yoyote simlipii kiingilio, kwa sababu yeye huja mwenyewe bure kwenye mikutano ya kampeni.

Kwa mfano, vijana hawa hawajui Mr. India ya mwaka 1987. Anil Kapoor anaigiza mpiga fidla ambaye amepanga jumba kuukuu na kulijaza watoto yatima. Kodi hajalipa, dukani anadaiwa, na watoto wanataka kula. Ndipo anapopata chombo cha kuvaa mkononi, kilichobuniwa na babake mwanasayansi, kinachomfanya asionekane. Lakini kina dosari: ukimmulika kwa taa nyekundu tu, huyo hapo, anaonekana mzima mzima. Hiyo ndiyo nguvu ya mtu wa kawaida. Nilimsimulia mpwa wangu, naye akacheka kwa dharau. Alisema hapa kwetu wanaodaiwa dukani hutoweka bila chombo chochote, na hakuna taa ya rangi yoyote inayowaonyesha.

Nikahamia Shahenshah ya mwaka uliofuata. Amitabh Bachchan ni inspekta ambaye mchana anaonekana kuwa mla hongo mwoga, na usiku anavaa nguo nyeusi na mkono wa chuma na kuwatandika majambazi. Mwenye kibanda alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, nusu ya kwanza hiyo nimeielewa. Hiyo ya usiku ndiyo itasumbua watu."

Halafu kuna The Meteor Man ya mwaka 1993. Robert Townsend aliiandika, akaiongoza na kuicheza mwenyewe, jambo ambalo kwetu huitwa kubana matumizi. Anacheza mwalimu wa shule jijini Washington anayeangukiwa na kimondo na kupata uwezo wa kupaa. Tatizo ni kwamba anaogopa kwenda juu. Kwa hiyo anapaa chini chini, karibu na lami, huku watu wakimtazama kama jirani aliyepungukiwa na akili. Na vazi lake la kishujaa? Limeshonwa na mamake. Mimi nilifundisha miaka mingi nikivaa sweta niliyofumiwa na mama, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na hakuna aliyeniandika kwenye ubao wa chaki.

Lakini hizo ni za ng'ambo, naweza kusamehe. Nisichoweza kusamehe ni habari ya Supa Modo.

Mwezi wa Februari 2018 dunia ilikuwa na wazimu wa filamu ya Black Panther. Kisumu, ambako si mbali na hapa, waliizindua kwa shangwe tarehe 13, na walikuwa na haki yao, maana Lupita Nyong'o, aliyeigiza humo, ni binti wa gavana wao wa wakati huo. Mpwa wangu alituma picha yake amekunja mikono kifuani Kiwakanda kwenye kundi la familia ambalo sisi wazee hulitumia kuchangisha pesa za mazishi. Shangazi mmoja akadhani ana maumivu ya kifua.

Sasa sikilizeni. Mwezi uleule, huko Berlin Ujerumani, filamu nyingine ya supahiro Mwafrika, hiyo Supa Modo, ilikuwa ikionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha kubwa la sinema. Iliongozwa na Mkenya Likarion Wainaina. Supahiro wake ni Jo, msichana wa miaka tisa, mgonjwa wa ugonjwa usiopona, anayependa sinema za mashujaa kuliko dawa. Mama anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini. Dada yake anaamua kwamba mtoto huyu atakuwa shujaa kabla ya siku zake kwisha, na kijiji kizima kinaingia katika njama ya kumwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu. Baadaye kinamtengenezea sinema yake mwenyewe, kwa vitambaa na mbinu za mkono. Stycie Waweru, mtoto aliyecheza Jo, anakutazama kwa macho ambayo sijayaona kwa mtu mzima mwenye tuzo.

Jopo la watoto huko Berlin liliitaja filamu hiyo kwa heshima. Kenya ikaiteua iwakilishe nchi kwenye tuzo za Oscar. Yaani watoto wa Ujerumani wameiona, na watoto wa Kebirigo wanaweza kunitajia majina ya mbwa wa supahiro wa Marekani lakini Jo hawamjui.

Nikaenda kwa mwenye kibanda nikiwa nimejipanga. Hoja yangu ya kwanza ilikuwa ya stima. Avengers: Endgame ni saa tatu na dakika moja, na kwa jinsi taa zinavyozimika huku kwetu mvua ikinyesha, mwisho wake mimi nimesimuliwa tu. Supa Modo ni dakika 74. Inaingia vizuri katikati ya kuzimika na kuzimika.

Akauliza, "Ni ya DJ Afro?"

Kwa msomaji wa mbali: DJ Afro ndiye yule bingwa anayechukua sinema za Kichina, za Kihindi na za Kizungu na kuziwekea maneno ya Kiswahili cha mtaani, hadi mtu wa kung fu anaongea kama kondakta wa matatu. Ni kipaji, sikatai. Nimesikia sinema mbovu ikipona mdomoni mwake.

"Haihitaji," nikamwambia. "Waigizaji wenyewe wanaongea Kiswahili."

Akanitazama kwa huruma. "Sasa, Mwalimu, watu watakuwa wanasikiliza nini?"

Nikameza mate. Nikamwambia watasikiliza waigizaji. Akatikisa kichwa taratibu kama daktari, kisha akauliza kuhusu steringi, yaani mhusika mkuu, swali lililovunja kesi yangu: "Steringi anakufa?"

Sikuweza kudanganya. Ni mtoto mgonjwa, filamu haina ujanja wa kumponya dakika ya mwisho. Nikasema ndiyo.

"Basi hiyo haiwezekani. Steringi hafi. Hapa watarudishiwa pesa."

Hii sheria ya steringi hafi ina nguvu Kebirigo kuliko sheria nyingi zilizochapishwa. Nikamkumbusha kwamba Iron Man alikufa kwenye hiyo Endgame, na watu wakalia na kulipa kuitazama tena. Mpwa wangu, ambaye hukaa pale kibandani kama wakili wa kukodiwa, akadakia, "Anko, hao walikuwa wengi. Mmoja akifa wanabaki wa kutosha." Na Logan je, kwenye filamu yake ya mwaka 2017, si alikuwa steringi peke yake na akafa? "Huyo alikuwa mzee," wakajibu kwa pamoja, halafu wakanitazama, halafu wakatazama kando.

Nikaona nibadilishe mbinu. Kama hawataki shujaa aliyeshonewa nguo na mamake, wala mtoto wa kijijini, nikawapa shujaa wa udongo wetu wenyewe. Nikawauliza kama wanajua Otenyo alifanya nini. Walijua jina.

Nikawasimulia. Mwaka 1908, Moraa Ng'iti, mganga na mwonaji, mama wa maneno makali, aliwasuta wanaume wa Gusii kwa kumwachia mzungu nchi. Inasimuliwa kwamba alikuwa na dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Otenyo Nyamaterere akachukua mkuki, akamvizia ofisa wa kikoloni Northcote, ambaye wazee wetu walimwita Nyarigoti, akamchoma. Mnaona? Kuna siri, kuna dawa, kuna silaha moja tu, na kuna adui mwenye bunduki na serikali. Hollywood wangepata vipande saba hapo na mwanasesere wa kuuza. Sisi tumeiacha kwa wazee waisimulie kwenye matanga, nao wanakatizwa na mwenye kipaza sauti anayetafuta mwenye gari lililoziba njia.

Kibanda kilinyamaza. Mwenye kibanda akaacha hata kuhesabu sarafu.

"Nyarigoti akafa?"

Hapana, alipona. Waingereza wakaleta askari, wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Otenyo akakamatwa na kuuawa, na wazee husema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Northcote aliendelea kupanda vyeo mpaka mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong.

"Wapi?"

"Hong Kong."

"Hong Kong ya kung fu?"

Nikasema hiyohiyo. Kijana akasimama. Sijawahi kumwona akisimama kwa ajili ya mteja. Akaanza kutembea huku na huku, akipanga hewa kwa mikono: Steringi hajafa, Mwalimu, wewe umesimulia vibaya. Kimekwenda kichwa tu. Mwili umebaki Gusii, na Moraa yupo na dawa yake. Mwili unaamka usiku, unashuka hadi Kisumu, unapanda treni, unapanda meli, unakifuata kichwa London. Kikishapatikana, Otenyo mzima anaelekea Hong Kong, anafundishwa kung fu na mzee mwenye ndevu nyeupe, halafu anabisha mlango wa gavana.

"Hiyo nitaionyesha," akasema, "hata bila DJ Afro."

Mpwa wangu ameshajichagulia nafasi ya Otenyo, na amekataa katakata ile sehemu ya kwanza isiyo na kichwa kwa sababu hataonekana uso. Mimi nimepewa kazi ya kuandika. Tunachobishania sasa ni kiingilio. Mwenye kibanda anataka waandishi nao walipe.