Jinsi ya Kumwingiza Binti Shule ya Wasichana Bila Kuhama La Rochelle

Kwanza, mzazi mwenzangu, acha kumkesheza mtoto akikariri majibu ya mtihani wa kuingilia. Mtihani huo haupo. Sheria ya Shule za Afrika Kusini ya 1996 inaikataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani kabla ya kumpokea, iwe ni Parktown Girls au Jeppe Girls, hata kama sare zao hukufanya usimame kando ya barabara kuzitazama. Kinachopimwa ni anwani. Tangu 2016 maombi ya Gredi ya 8 huku Gauteng hupitia mtandaoni, na mfumo unataka kujua binti analala wapi.

Sisi wa Bukavu na Lubumbashi tuliopanga vyumba kwenye nyumba hizi za zamani za Wareno hapa mtaani La Rochelle tunalala nje ya maeneo ya shule hizo. Lakini kazi nayo ina anwani! Mama anayefua na kupiga pasi mtaa wa Parkview ana haki ya kujaza anwani ya nyumba anayofanyia kazi, mradi iko ndani ya eneo la shule. Mwombe bosi barua mapema, siku akiwa ameshiba.

Bahasha iwe tayari: cheti cha kuzaliwa au karatasi za ukimbizi, ripoti ya darasa, mkataba wa kupanga. Ukiambiwa mtoto asiye na karatasi hasomi, taja hukumu ya Makhanda ya Desemba 2019: Mahakama Kuu ilikwisha kusema anasoma. Ukiambiwa huna ada, sheria ni ileile ya 1996, ukosefu wa pesa haumfungii mtoto mlango. Ada ikifika asilimia 10 ya kipato cha wazazi wote wawili, mnasamehewa yote. Fomu ya msamaha haitakufuata nyumbani, kaiombe ofisini.

Akipata nafasi, pikeni pilau, majirani waje. Kisha kaa macho, maana mlango unaochuja wasichana hasa uko mbele, mwishoni mwa Gredi ya 9, nao hauna foleni wala kelele. Ni karatasi moja ya kuchagua masomo 7 ya kufikia matriki: lugha mbili, Life Orientation, matatu ya hiari, na Hisabati au Maths Lit, yaani hesabu za matumizi ya kila siku. Binti anayeongea Kiswahili na Kifaransa nyumbani, akihangaika na Kiingereza na Kiafrikana au Kizulu darasani, alama zake zitashuka kila mahali, na ushauri wa haraka utakuwa Maths Lit. Kwa Maths Lit hasomei udaktari Chuo Kikuu cha Wits, wala uhandisi. Inaniuma, kwa sababu wazazi waliohangaikia barua ya bosi miezi mizima huitia sahihi karatasi hiyo wakiwa wamesimama mlangoni, wanawahi teksi.

Kaa chini naye, uisome yote. Ukikuta kisanduku kimeshawekwa alama kwa penseli, uliza nani ameiweka na kwa maksi zipi, na msaada gani wa Hisabati ulijaribiwa kabla. Ukikosa jibu, rudi nayo shuleni ikiwa bado haina sahihi.