Mbwa Wangu Kafungua Duara

Mtu haambiwi siku aliyozeeka. Anapandishwa cheo kidogo kidogo na vijana wa bodaboda. Mimi pale kijiweni Maganzo nilianza na "kaka", nikakaa nacho miaka mingi mpaka nikadhani ni cha kudumu. Siku moja, bila barua, nikakuta nimekuwa "mzee". Nikanyamaza, labda jua lilikuwa machoni mwa kijana. Mwaka jana nikashuka kwenye basi na mfuko wa mchele wa kilo tano tu, kijana akaja mbio akaninyang'anya ule mfuko kama anayemwopoa mtu majini. "Guku, lete nikusaidie."

Guku! Kwa asiyejua Kisukuma, guku ni babu. Nina miaka 58. Nimezaliwa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na kama Azimio lenyewe, bado natajwa kwa heshima lakini hakuna anayenifuata.

Mke wangu, Mama Kabula, tumepishana miaka miwili tu, ila yeye hazeeki, anazidi ukali. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, anaitafuna mikavu, tukiwa tumekaa uani jioni, kwa mlio unaosikika barabarani, na najua anafanya makusudi. Mimi nangoja ichemshwe, ilainike, itiwe karanga za kusaga, kama mtoto anayeota meno. Tofauti ni kwamba ya mtoto yanakuja.

Kisha kuna habari ya miwani. Ya kwanza niliinunua mnadani kwa shilingi 5,000. Muuzaji alinipa gazeti kuukuu la kujaribia, nikasoma habari nzima ya ligi hadi majina ya wachezaji wa akiba, nikajiona nimepona. Nilipofika nyumbani nikagundua ilikuwa inasoma lile gazeti tu. Ya pili ni ya kupimwa hospitali, ina kasha la ngozi linalojifunga lenyewe kwa mlio, na bei yake Mama Kabula anaijua nusu. Katikati ya Agosti ikapotea.

Kazini, mwalimu wa hesabu asiye na miwani ni pambo la ofisi. Ninacho kishikwambi, vile vilivyotuhesabu kwenye Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa kwa walimu. Walimu vijana wanakigusa kwa kidole kimoja kinatii. Mimi naona siafu wakihama. Siku moja ujumbe uliingia kwenye simu kutoka kundi la walimu, nikamwita mtoto wa Darasa la Nne anisomee. Mtoto ana bidii. Akasimama wima, akasoma kwa sauti, akipumzika penye kila mkato na kila nukta, mbele ya wenzake 70 na kitu, kwamba Mwalimu hajalipa mchango wa harusi na amekumbushwa mara tatu.

Nyumbani nikafungua kesi. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa Mama Kabula, kwa kosa la kufagia.

"Baba Kabula," akaniuliza, "mwaka huu umeitafuta hiyo miwani mara ngapi ukiwa umeivaa?"

Mara mbili. Lakini hiyo haikuwa hoja iliyokuwa mezani.

Mshtakiwa wa pili alikuwa paka. Anaitwa Afisa, na jina alilipata kwa utendaji wake: tangu asubuhi amekalia makaratasi, ukimwomba apishe anakutazama kana kwamba umekuja bila miadi, na panya wa ghala la mtama anawaona wakipita, anawaacha wakamilishe taratibu zao. Nikamwachia huru kwa kukosa ushahidi. Mtu anayelala saa ishirini kwa siku anapata wapi muda wa kuiba?

Mbwa sikumshuku kabisa. Mbwa ni wa rika langu.

Anaitwa Utajiju. Huku kwetu, na sehemu nyingine nyingi, mbwa hupewa jina la kufikisha ujumbe ambao mdomo umeshindwa kuufikisha kwa jirani. Miaka 12 iliyopita mimi na jirani yangu tulikorofishana kuhusu ua wa minyaa. Yeye alisema unatembea kuelekea kwake, mimi nikasema minyaa haina miguu. Badala ya kumsumbua mtendaji wa kijiji nikaleta mbwa, na kila saa kumi na mbili asubuhi nikasimama uani, uso umeelekea kwenye minyaa, naita: "Utajijuuu!" Jirani alivumilia wiki mbili. Ya tatu akaleta wake, akamwita Subiri. Basi tukaishi hivyo, asubuhi na jioni. Utajiju! Subiri! Mwaka 2019 Subiri akafa, nikaenda kutoa pole, tukanywa chai, na ule ua hakuna aliyeutaja tena. Ila Utajiju alishalizoea jina.

Siku hizi hasikii. Akibweka ujue mgeni ameshaondoka. Kwenye kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, bwana mifugo ameandika neno moja tu penye umri: mzee. Tuko cheo kimoja, lakini marupurupu hayafanani. Utajiju anapikiwa ugali laini, unamwagiwa mchuzi wa dagaa, na amepewa gunia jipya la kulalia kwa sababu, anasema Mama Kabula, "maskini ana mifupa." Mimi nami mifupa ninayo, tena niliitangaza mapema kuliko yeye.

Sasa, mwezi wa tisa, udongo wa mbuga umekauka na kupasuka nyufa za kuingiza mkono, Utajiju akaenda chini ya mwarobaini akaanza kuchimba. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza.

Kwingine mbwa akichimba shimo, mbwa amechimba shimo. Kwetu Songwa hapana. Mgodi wa almasi wa Mwadui uko hapo jirani. Dk. John Williamson, Mkanada, alizipata almasi zake pale mwaka 1940, na mwaka 1947 ikatoka ile ya rangi ya waridi, karati 54.5 kabla ya kukatwa, akampa Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi. (Huyo mchango wake haukusomwa na mtoto wa Darasa la Nne.) Marehemu baba yangu, aliyefanya kazi mgodini, alikuwa akiisimulia ile almasi kana kwamba yeye ndiye aliyeifunga kwenye karatasi ya zawadi. Watu waliokuzwa na simulizi kama hizo hawawezi kutazama kokoto kwa amani. Mvua ikikatika huku utaona watoto wanatembea wameinamisha vichwa. Mgeni husifu adabu yao. Wanatafuta.

Jirani alikuwa wa kwanza kufika. Alisema amekuja kuomba chumvi, na kikombe alikuwa nacho, lakini macho yake yalikuwa yameshaingia shimoni.

"Ameanza lini?"

"Tangu alfajiri."

Akakaa kimya kidogo. "Wanyama wanajua mambo, Mwalimu."

Kufikia saa tisa alasiri uani kwangu palikuwa na watu wanane, mmoja na chekeche mkononi. Nikawaeleza kwa upole wa kikazi. Nikasema mwamba wenye almasi wa Mwadui una ukubwa wa hekta 146, ni mkubwa sana, lakini haujanipigia hodi kwenye kiwanja changu cha robo eka. Nikasema Sheria ya Madini ya 2010 imeweka madini yote kuwa mali ya Jamhuri, ayachimbe Mwalimu au ayachimbe mbwa. Wakaitikia kwa vichwa, kama wanafunzi wangu wanavyoitikia nikifundisha sehemu, yaani bila kuondoa macho kwenye kitu kingine.

Na kama Mungu anataka kukuonyesha, yuko mpwa wangu, mtoto wa dada, amekuja kupumzika kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu kule Geita baada ya rashi moja kumwendea vibaya. Kijana huyu akiona tundu la panya anauliza lina futi ngapi. Akalizunguka shimo la Utajiju, akachuchumaa, akabana udongo kwa vidole, akanusa.

"Mjomba, hili duara limeanza vizuri. Ila litahitaji matimba."

Kwa lugha ya wachimbaji duara ni shimo la mgodi, na matimba ni magogo ya kuzuia kuta zake zisiporomoke. Shimo lenyewe lilikuwa linafika magotini mwa mbwa.

Nikamwambia mwanangu, hapa si Geita, dhahabu inafuata mshipa ndani ya mwamba, almasi nayo ilipandishwa na mwamba wake kutoka chini kusikofikika, ni mambo mawili tofauti. Akanijibu, "Mjomba, mali ni mali," akaanza kugawa asilimia. Mwenye eneo apate hivi, mwenye duara vile, wachimbaji kiasi fulani, mwenye chekeche naye asisahaulike. Jirani akaingia kama shahidi, kisha akaonekana naye ana asilimia, kwa sababu ya minyaa. Nikapiga hesabu kichwani, maana ndiyo kazi yangu. Nimebakiza miaka miwili nifike 60 ya lazima, na kikokotoo cha mafao tumekijadili ofisini mpaka chaki zimekwisha: mwaka 2022 kiliwekwa asilimia 33 ya mkupuo, mwaka 2024 kundi letu likapandishwa hadi 40. Kwenye duara la uani kwangu mwenyewe nilipewa 15. Nikauliza mbwa anapata ngapi. Wakaniona nafanya mzaha.

Mpwa akaingia shimoni na jembe. Utajiju akasogea pembeni, akalala, akamtazama kwa uso wa fundi aliyeleta kibarua.

Kwanza ikatoka kandambili yangu ya kushoto, ambayo kwa ajili yake mtoto wa watu amekuwa akilaumiwa tangu masika. Ukafuata mfupa wa mbuzi wa Krismasi. Halafu kipande cha gunia lake la zamani. Watu wakaanza kukata tamaa, mwenye chekeche akatazama saa, na hapo ndipo mpwa akapiga kelele.

"Mjomba, kinameremeta!"

Kimya kikaanguka. Kikombe cha chumvi kikaanguka pia. Wote wanane wakainama, wote wakaona, mmoja akataja jina la Mungu. Aliyekuwa haoni kitu pale ni mmoja tu, mwenye eneo, anakodoa macho na kuuliza "kiko wapi, kiko wapi?" kwa sababu mwenye eneo hana miwani.

Mama Kabula akaja taratibu kutoka jikoni, akipangusa mikono kwenye kanga. Akapenya katikati ya watu, akaingiza mkono, akachomoa kasha la ngozi lililotafunwa pembe zote nne, kioo kimoja kimetokeza nje kinashika jua la jioni.

"Baba Kabula," akasema. "Almasi yako hii."

Hakuongeza neno. Aliifuta kwa ncha ya kanga, akanivalisha mwenyewe, udongo bado uko kwenye mikono yake. Kitu cha kwanza nilichokiona vizuri baada ya mwezi mzima kilikuwa uso wa mke wangu, na ule uso ulikuwa na hotuba iliyoandaliwa tangu Agosti. Hotuba yenyewe ilitolewa usiku, ina sehemu tatu, na sitainukuu hapa.

Kioo cha kulia kimebaki na mkwaruzo wa jino, kwa hiyo sasa kila ninachosoma kina mstari katikati, kama kimeshasahihishwa. Utajiju jioni ile alipewa kongoro. Jirani hakuridhika. Alikuja asubuhi yake kufuata kikombe.

"Kwa hiyo ilikuwa miwani tu?"

"Miwani tu."

"Sawa, Mwalimu." Akatazama kushoto na kulia. "Siri ni siri."

Jumatatu, kwenye orodha ya michango ya harusi, kiasi changu kilikuwa kimeongezwa sifuri moja. Jumamosi nikashuka kwenye basi Maganzo, na kabla sijatia mguu chini vijana watatu walishaniwahi.

"Bosi! Bosi, twende!"

Si guku. Si hata mzee. Nikapanda pikipiki kifua mbele, upepo unanipiga usoni, nimerudi miaka thelathini nyuma. Nauli yangu siku zote ni shilingi 2,000. Tulipofika nikampa kijana noti ya 5,000, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akawasha pikipiki.

"Na chenji yangu?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Bosi naye anadai chenji?"